Stendi Ilikuwa Juu

Injini ya pikipiki yangu ilizima nikiwa kwenye mlango wa feri, pale chuma kinapokutana na saruji ya upande wa kisiwani. Nilikuwa nimeshaiwasha. Nimeisukuma kwa miguu polepole nyuma ya watu, inanguruma vizuri, na nilipofika penye mwinuko nikabana klachi, nikatia gia ya kwanza. Ikafa. Haikukohoa, haikugugumiza. Ilikufa kama mtu aliyezibwa mdomo.

Ilikuwa bamvua na maji yamekupwa, kwa hivyo mlango ulikuwa umelala chini sana na mwinuko umekuwa mkali. Nyuma yangu lilikuwa lori la mchanga kutoka kusini, mchanga mbichi unaodondosha maji. Nilisikia injini ya lori ikipanda sauti. Nikatazama nyuma nikaona bampa, na juu ya bampa nikaona boneti, na dereva sikumwona kabisa. Nikajua hapo hapo: kama mimi simwoni, naye hanioni.

Nikarudisha nyutro, nikawasha, ikawaka. Nikatia gia, ikafa. Nikasikia utingo wa lori akipiga mlango kwa kiganja na kupiga kelele, "Kuna mtu! Kuna mtu chini! Simama!" Lakini lori lililobeba mchanga mbichi, likishaanza kupanda mwinuko, halisimami mara moja. Bampa iligusa gurudumu la nyuma taratibu, bila kishindo, kama mtu anayekusogeza kwenye foleni. Pikipiki ikalala kushoto. Mguu wangu ukabaki baina ya pikipiki na ukuta wa chuma, na bampa ikaendelea kusogea.

Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Na kitu kilichonijia kichwani, wallahi, si shahada wala watoto. Nilifikiria, stendi iko juu. Nimeipandisha mwenyewe. Stendi iko juu na pikipiki inasema iko chini.

Sasa nirudi nyuma, nieleze, kwa sababu watu walipewa hadithi nyingine.

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa tarishi wa pikipiki wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Yadi yao ilikuwa Changamwe. Mimi nyumba yangu Likoni, ng'ambo ya feri, njia ya Mtongwe. Shule niliacha nikiwa mdogo, lakini pikipiki naijua tangu ujana wangu, miaka ya themanini, zile za zamani ambazo ukiwa na plagi na fyuzi mfukoni huhitaji fundi. Kazi yangu ilikuwa kubeba makaratasi ya meli, kwa hivyo walinipa ruhusa ya kulala na pikipiki nyumbani, nifike mapema.

Ile waliyoninunulia ilikuwa mpya, na ilikuwa na mambo ambayo zile zetu hazikuwa nayo. Moja ni kidude cha umeme kilichofungwa kwenye mguu wa stendi ya pembeni. Sensa. Sisi tulikiita swichi ya stendi. Kina kitufe kidogo mfano wa punje ya hindi. Stendi ikiwa chini inakibonyeza, ikipanda juu kitufe kinaruka nje kwa springi. Maana yake ni kwamba ukisahau stendi chini ukatia gia, kinakata moto wa plagi usije ukaondoka ukaanguka kwenye kona. Kitu kizuri. Waliokibuni sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni na watu wawili. Majina yao nayajua na wao wanajijua. Wa kwanza ni msimamizi wa magari wa yadi ile, mtoto wa mjini hasa, kanzu yake ya Ijumaa imepigwa pasi mpaka inakata. Wa pili ni fundi wake.

Msimamizi alikuwa na amri yake. Kila Ijumaa, kabla ya swala, pikipiki zote zioshwe, na zikishakauka zipakwe mafuta ya nazi. Kwa nini? Kwa sababu ya chumvi. Pikipiki inayovuka feri kila siku inaliwa na chumvi mpaka ndani ya boliti. Hilo ni kweli, sikatai. Na mafuta ya nazi huku kwetu tunayapaka kwenye kila kitu, kichwa, ngozi, kitasa cha mlango, panga, cherehani. Sikumwona mtu hata mmoja pale yadini aliyeshangaa. Mimi mwenyewe sikushangaa. Fundi alichukua kitambaa akachovya kwenye kopo akapaka rimu, spoki, stendi, mpaka pikipiki ikawa inanukia kama bibi harusi.

Kaskazi yote haikuwa na neno. Joto lilikuwa lile la kwetu, mafuta ni maji matupu. Kipupwe kilipoingia, upepo wa kusi ukianza kuleta baridi alfajiri, ndipo balaa lilipoanza.

Mara ya kwanza ilikuwa uani kwangu. Niliwasha, nikaiacha ipate moto, nikatia gia, ikafa. Nikawasha tena, nikatia gia, ikafa. Nikapiga stendi kwa kisigino juu chini, juu chini, kwa hasira tu, bila kujua nafanya nini, ikakubali. Nikacheka. Nikasema ina usingizi.

Mara ya pili sikucheka. Nilikuwa nashuka kutoka Changamwe kuelekea Kibarani asubuhi, malori mbele, malori nyuma, na gurudumu likaingia kwenye shimo. Ikakata. Katikati ya barabara, mwendo wote, injini kimya. Hujui kimya ni nini mpaka injini ikunyamazie na trela liko mgongoni. Nilijitupa kando na pikipiki yangu hadi kwenye mchanga, na trela likapita na honi yake, na upepo wake ukanivua helmeti iliyolegea. Nilikaa chini. Kisha nikawasha, ikawaka, nikatia gia, ikaenda kama kwamba hakuna kilichotokea.

Kuanzia hapo nikawa mtu mwoga. Naandika hivyo bila haya. Kila nikitia gia asubuhi nilifumba macho. Kila shimo nililiona kutoka mbali nikaanza kulisomea dua. Nilijifunza kupanda kwa masikio, nasikiliza injini tu, mtu akinisalimia njiani sijibu. Usiku nikilala mkono wa kushoto ulikuwa unabana klachi, mke wangu ndiye aliyeniambia.

Nilimpelekea fundi. Lakini ilikuwa lazima nimalize kwanza safari za bandarini, kwa hivyo nilifika kwake baada ya adhuhuri, jua limewaka. Fundi alikuwa na taa ya kupimia, balbu ya indiketa yenye waya mbili. Waya mmoja anaushika kwenye betri, wa pili anagusa huku na huku. Ikiwaka, umeme unapita. Akagusa kwenye swichi ya ufunguo, ikawaka. Akagusa swichi ya kuzimia, ikawaka. Akashuka mpaka chini kwenye stendi, ikawaka. Akaitia gia, akazunguka nayo yadi nzima, akarudi akicheka.

"Ami, mgonjwa wako yuko wapi?"

"Inazima asubuhi."

"Na mimi asubuhi huwa nazima. Mpaka ninywe chai."

Wote waliokuwepo wakacheka. Akabadilisha plagi. Siku nyingine akabadilisha koili. Siku nyingine akafungua kabureta akailamba karibu aimalize. Na kila mara ilikuwa mchana, na kila mara ilikuwa nzima.

Msimamizi akaniita. Alikuwa amekaa, anatafuna tambuu.

"Naskia wataka pikipiki nyingine."

"Sitaki nyingine, bwana mkubwa. Nataka hii isiniue."

"Fundi amepima kila kitu. Mbovu ni moyo wako. Umeshaingiwa na woga, na mwoga hatii gia vizuri."

"Basi njoo uipande wewe kesho alfajiri."

Akanitazama. "Mimi nikipanda, wewe utafanya kazi gani?"

Nilikuwa na nyumba nzima inanitegemea, naye alijua.

Nikamuomba fundi ile taa yake nilale nayo. Akanipa, akasema nisije nikaitumia kuwindia kaa. Alfajiri ile nikaipima mwenyewe, uani, ikiwa bado baridi. Nilikuwa naogopa nitakuta kila kitu kizima na msimamizi awe amesema kweli, niwe mimi ndiye nimeharibika. Betri, ikawaka. Ufunguo, ikawaka. Swichi ya kuzimia, ikawaka. Nikashuka chini na waya, nikaipandisha stendi, nikagusa waya unaoingia kwenye swichi ya stendi, ikawaka. Nikagusa unaotoka. Giza.

Nikagusa tena. Giza. Nikafuta waya kwa shati. Giza. Stendi iko juu, umeme unaingia na hautoki.

Nikainamisha kichwa chini kabisa, shavu karibu na ardhi, nikatazama kile kitufe. Kilikuwa kimezama ndani na hakikutoka, na pembeni yake pote pamezibwa na kitu cheupe kilichochanganyika na vumbi, kama uji uliolala. Sikujua ni nini. Nilidhani ni chumvi.

Mke wangu alitoka na chupa yake ya mafuta ya nazi ili ampake binti yetu kichwa kabla ya kwenda chuo cha Kurani. Aliigeuza chupa juu ya kiganja, akangoja. Hakikushuka kitu. Akaipiga piga chini.

"Bwana," aliniambia, "leta hiyo taa yako unipimie na hii. Nayo imekata moto."

Nikamtazama. Nikaitazama chupa. Mafuta yalikuwa meupe, yameganda, yamekaa chini kama mshumaa. Kila kipupwe yanaganda, kila mtu wa pwani ameyaona yakiganda, tunaiweka chupa juani tu au karibu na jiko, basi. Nikachukua ncha ya wembe nikatoa kile cheupe kwenye kitufe, nikakinusa. Nazi.

Ah, niliifurahia sauti ya kile kitufe. Nilipokiosha kwa petroli na mswaki wa zamani kiliruka nje, tik, na taa ikawaka. Kumbe siku ya Kibarani kilikuwa kimetoka nusu tu, na lile shimo likakitikisa. Nilikaa pale chini nikaipandisha stendi na kuishusha kama mtoto na kichezeo. Tik. Tik. Mke wangu alisema, "Leo umerudi." Na kweli, nilivuka feri siku ile nikaitikia salamu za watu.

Sikuona kama nimemshinda mtu. Fundi hakuwa mjinga, alipimia mchana na mchana mafuta ni maji. Nilikwenda kumwambia kwa furaha, nikijua atafurahi naye. Nikawaambia wote wawili, yeye na msimamizi, wamesimama pamoja kwenye yadi, mbele ya macho yangu. Nikasema: pakeni rimu, pakeni spoki, pakeni mnachotaka, lakini swichi ya stendi msiiguse na mafuta ya nazi mpaka kipupwe kipite.

Fundi alitikisa kichwa, akasema, "Kumbe! Ndiyo maana."

Msimamizi hakupenda. "Mafuta ya nazi yana nini? Babu zetu wamepaka kila chuma cha mji huu. Wewe leo ndio wanifunza mimi mafuta ya nazi?"

"Sikufunzi. Yanaganda, bwana mkubwa."

"Yakiganda si yanayeyuka?"

"Yatayeyuka nikiwa nimeshakufa."

Nikamuomba basi aniruhusu niunganishe zile waya mbili moja kwa moja, niiruke swichi, kama tulivyozoea kufanya kwenye zile za zamani. Akasema atakayekata waya wa pikipiki ya kampuni aende kwao siku hiyo hiyo. Akaondoka. Nyuma yake fundi akaninong'oneza, "Niachie mimi, ami. Ijumaa nitaosha na petroli, sitaipaka."

Ijumaa ikaja, nikamwachia pikipiki yadini. Jumamosi mchana nikaenda kuichukua. Yote imepakwa, inang'aa, inanukia nazi kuanzia usukani mpaka taa ya nyuma, hata ukiinama huwezi kujua harufu inatoka wapi. Mafuta yenyewe mchana ule hayaonekani, ni unyevunyevu tu. Nikamuuliza fundi, macho kwa macho.

"Swichi ya stendi hukuipaka?"

"Wallahi, sikuipaka."

Yeye mtu mzima, na mimi mtu mzima, ameapa kwa Mungu. Nikachukua pikipiki yangu nikaenda.

Jumapili jirani zetu walikuwa na arusi. Uani walitandika majamvi na kupanga sufuria za pilau, kwa hivyo pikipiki nikaiingiza ndani, nikaiegemeza kwenye ukuta wa ukumbi. Sikuitumia stendi. Ilikaa juu tangu Jumapili mpaka Jumatatu, na kitufe kikabaki nje, na mafuta yakagandia hapo hapo kilipo. Ndiyo maana Jumatatu alfajiri iliwaka na kuingia gia bila ubishi. Nami nikasema moyoni, Mungu amlipe fundi kheri.

Ferini mtu anazima injini. Ndiyo desturi. Nikashusha stendi, nikaiweka, nikashuka nikaegemea ukuta wa chuma na upepo wa kusi unapiga pale mkondoni, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Stendi ilikuwa imekibonyeza kitufe ndani ya mafuta yaliyoganda. Tulipokaribia ng'ambo nikapanda, nikapandisha stendi kwa kisigino, nikaisikia ikigonga juu. Niliisikia. Kitufe hakikuruka. Mimi sikutambua kwamba tik haikulia, kwa sababu lori la mchanga lilikuwa limeshawasha.

Yaliyobaki nimeshayaeleza.

Utingo wa lori ndiye aliyeniinua. Alikuja hospitali na dereva wake, dereva analia, mtu mzima analia, nami sikuwa na la kumlaumu. Utingo aliniambia kwamba baada ya kunitoa aliisukuma pikipiki kando, akataka kuisimamisha, ikabidi aishushe stendi kwa mguu. Akasema hivyo bila kujua anasema nini. "Ilikuwa juu, nikaishusha mimi." Nilimshika mkono nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia aende yadini akaseme. Alikwenda. Alirudi akaniambia amefukuzwa getini kama mwizi wa kuku. Baadaye aliondoka na lori jingine, na mpaka leo sijui yuko wapi.

Msimamizi alikuja na mfuko wa machungwa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, upande wa mguu, mpaka nikapiga kelele asogee.

"Pole," akasema. "Binadamu hujisahau. Uliacha stendi chini."

Nikamwambia ilikuwa juu.

"Swichi ile kazi yake ni kukata moto stendi ikiwa chini. Imekata moto. Basi stendi ilikuwa chini."

Alilisema kwa utulivu, kama anayenisomea, na nikaingiwa na hofu kubwa kuliko ile ya bampa. Kwa sababu ukilisikia hivi hivi ni kweli. Ukimwambia mtu yeyote barabarani atasema ni kweli. Hofu ile haijanitoka. Nimeamka usiku miaka mingi nikijiuliza, niliipandisha? Kisha nasikia ile sauti, chuma kugonga chuma, nasema niliipandisha.

Fundi hakuja hospitali. Pikipiki ilirudishwa yadini naye ndiye aliyeifungua. Aliona kile cheupe kwenye kitufe, hawezi kusema hakukiona. Tulikutana baadaye, mimi na mikongojo yangu, Kongowea sokoni. Akatazama chini. Nikamuuliza, "Uliipaka?" Akasema, "Ami, mimi niliambiwa." Kabla sijamuuliza nani aliyemwambia akapotea kwenye watu, na mimi na mguu huu nitamfukuza vipi?

Kazi nilitolewa, kwa kosa la uzembe. Hilo ndilo neno lililokaa juu ya jina langu, na wanangu wamekua nalo. Mguu ulipona umepinda, na feri naivuka nimeshika ukuta, lori likiwasha injini jasho linanitoka. Kila kipupwe mke wangu huificha chupa yake nisiione imeganda.

Msimamizi yu hai. Amejenga Kisauni, anaswali safu ya mbele. Fundi naye yu hai, ana gereji yake Mikindani, anapima pikipiki za watu na taa yake. Nyinyi wawili nawaandikia hapa mbele za watu. Niliwaambia mkiwa mmesimama pamoja. Mlinisikia nyote. Wewe fundi, uliapa. "Niliambiwa" haitoshi. Uliambiwa na nani, lini, kwa maneno gani, na kwa nini hukunitumia hata mtu aje aniambie Jumapili, nimo nyumbani, arusi inapigwa? Na wewe msimamizi, ni wewe uliyemwambia aipake baada ya mimi kukwambia mafuta yanaganda? Kama si wewe, sema si wewe, tumtazame yeye. Kama ni wewe, simama pale pale mlangoni mwa feri, mbele ya mke wangu na wanangu, useme kwa mdomo wako stendi ilikuwa wapi.